Nimeguswa, Nasubiri

Chumba cha Kusomea, Shuleni
6 Januari

Kidole, binti wa kaka yangu,

Marahaba. Najua ungeanza kwa shikamoo, na mimi sina subira ya kungoja wiki mbili niamkiwe ndipo niitikie. Huku tu wazima. Baba yako amepaka sakafu ya baraza rangi nyekundu, kisha akaipaka tena, kwa sababu paka alipita katikati kabla haijakauka. Paka mwenyewe bado ana miguu myekundu na hana habari. Baba yako amemnunia tangu Alhamisi.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa la maana: ile programu yako haifanyi kazi.

Nakukumbusha ulivyosema mwenyewe ulipokuja likizo Novemba, ukakaa mbele ya kompyuta ya chumba changu cha kusomea siku nzima bila hata kunywa chai. Ulisema, shangazi, hii haifunguliwi. Haina alama ya kubonyeza wala dirisha la kutazama. Ukiwasha kompyuta inaamka yenyewe, inakaa nyuma ya vitu vingine na kufanya kazi kimyakimya. Wewe piga picha kurasa za kitabu kwa skana, uziweke kwenye folda inayoitwa Kapu. Yenyewe itazichukua, itazisoma kwa sauti, na sauti hiyo utaikuta kwenye folda inayoitwa Sahani. Nikakuuliza nitajuaje kama inafanya kazi. Ukacheka ukasema nitaona Sahani imejaa.

Kapu lina kurasa mia nne na kumi na mbili, vitabu vinne vizima, nimezipiga picha moja moja mpaka mgongo ukakakamaa. Sahani ni tupu tangu siku uliyoondoka.

Shule yetu unaijua. Watoto hawaoni, na vitabu vya nukta nundu vya mtaala mpya havijaletwa, kila tukiuliza tunaambiwa viko njiani. Darasa la mwisho lina wanafunzi tisa na mtihani wao ni mwezi wa sita. Mwalimu Mkuu amenijia na ule upole wake unaoudhi, akaniambia kwamba ikifika mwisho wa mwezi wa nne vitabu hivyo vinne havijapatikana kwa sauti, atawaondoa wote tisa kwenye orodha ya watahiniwa. Watakaa nyumbani mwaka mzima.

Usiniulize kwa nini siwasomei mwenyewe kama siku zote. Nimewasomea watoto wa watu miaka ishirini na sita. Nimechoka, basi.

Na kanda zangu je? Ulibeba kasha zima, kanda arobaini na moja nilizowarekodia watoto kwa mdomo wangu, ukasema unakwenda kuzisafisha. Unazisafisha kwa mswaki?

Shangazi yako

Usinipigie simu. Simu yangu ina matatizo.


Ghorofa ya Nne
21 Januari

Shangazi yangu, Mama Redio wa shule nzima,

Shikamoo. Ndiyo, umeshaitikia, lakini marahaba ya kwenye karatasi hainishibishi. Mimi nimezoea ile yako ndefu yenye mkia, iliyokuwa ikisikika mpaka jikoni na mpishi anaitikia naye. Nimekupigia mara sita ili niisikie. Kwa simu yenye matatizo, inaita vizuri sana.

Mimi sijambo. Bado niko na wale watu wa lifti. Asubuhi watu mia mbili wanapanda kwenda ofisini kwao, wanabonyeza kitufe na kutazama viatu vyao, hakuna anayejua kwamba nyuma ya ukuta kuna programu yangu inayoamua nani apande kwanza. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo, ukiifanya vizuri hakuna anayekuona. Jirani yangu amenunua tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na hajui unavyoisha. Mwambie baba paka hana kosa, kosa ni la aliyeacha mlango wazi.

Sasa, kwanza tuelewane. Programu yangu haina kasoro. Nimeijaribu hapa kwangu mara thelathini. Kwa hiyo kuna kitu huko kinaizuia, na tutakipata mimi na wewe, wewe ukiwa macho yangu.

Anza kwa kuangalia kama imeamka. Bonyeza kwa pamoja vile vitufe vitatu nilivyovibandikia utepe wa bluu. Itatokea orodha ya programu zote zinazofanya kazi muda huo, hata zile zisizoonekana. Tafuta jina Msomaji. Likiwepo, imeamka. Lisipokuwepo, zima kompyuta uiwashe upya, kisha tafuta tena.

Pili, ndani ya folda ya Kapu kuna faili linaitwa Daftari. Humo Msomaji anaandika kila anachofanya, saa na dakika, kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu nilijua wewe ndiye utakayesoma. Ninakilie yaliyomo unitumie.

Kanda ziko salama. Usiwe na wasiwasi nazo.

Wako,
Kidole

Umechoka tangu lini? Novemba ulinisomea gazeti zima, hata matangazo ya vifo. Ulikuwa unakunywa maji ya moto kila aya mbili, lakini ulisoma.


Chumba cha Kusomea
9 Februari

Kidole,

Marahaba, na tena marahaba, uweke akiba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai juu ya jina langu. Sijui ni wewe au ni watu wa posta.

Baba yako na paka wamepatana. Mpishi wetu ameanza kuvaa miwani na anatuambia kwamba kumbe wali aliokuwa akitupikia miaka yote ulikuwa na chuya. Sisi tulikuwa tunajua.

Nimefanya kama ulivyoagiza. Nimebonyeza vile vitatu vya utepe wa bluu, orodha ikatoka, ndefu kama ya wageni wa harusi, na katikati yao nikamwona Msomaji ameketi. Kwa hiyo ameamka. Anafanya nini humo ndani, ndilo swali.

Daftari nimelisoma pia. Nakunakilia:

Saa 2:05. Nimeamka. Nimeona kurasa 412 kwenye Kapu.
Saa 9:30. Kompyuta inazimwa. Kwaherini.

Katikati ni maneno yaleyale yanajirudia, sikuona sababu ya kumaliza wino. Nimependa hilo la kwaherini. Angalau ana adabu.

Kuna jambo moja la ajabu. Mzee wa Funguo, mlinzi wetu, Jumapili ilikuwa zamu yake. Anasema alipokuwa nje ya dirisha aliisikia kompyuta inavuma kama mtu anayepuliza uji wa moto. Akaingia kutimiza zamu yake, muda huohuo ikanyamaza. Akatoka, baada ya muda ikavuma. Akaingia, ikanyamaza. Nimewahi kufundisha watoto wanaofanya kazi wakisimamiwa tu. Anayefanya kazi akiachwa na kuacha akisimamiwa, huyo sijapata kumwona.

Usidhani uzembe ni wetu. Masharti yako yote tunayafuata, hata lile la karatasi uliyobandika. Shule nzima imejipanga.

Kiranja wa darasa la mwisho, yule msichana mrefu anayetaka kusomea sheria, anakuja kila asubuhi. Anasimama mlangoni na fimbo yake nyeupe na kuniuliza, "Mama Redio, Sahani ina kitu leo?" Nagonga meza mara mbili. Tumekubaliana hivyo, mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Anasema, "Haya, kesho," anageuka. Kila siku anasema haya, kesho. Inaniuma, nakwambia ukweli.

Shangazi


Ghorofa ya Nne
24 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Tarumbeta imeingia wiki ya sita. Ofisini lifti namba tatu iligoma na kuning'inia kati ya ghorofa ya saba na ya nane, na bosi wangu alikuwemo, nami ndiye niliyemtoa. Alipotoka alinishukuru kama mtu aliyekuwa anatubu. Kwa hiyo kazini nimenenepa kichwa kidogo, unisamehe kama kinaonekana kwenye barua.

Nimefikiri sana kuhusu Msomaji. Nadhani tatizo ni kurasa zenu. Kama zilipigwa picha zikiwa zimepinda, anaweza kuzikataa. Futa kioo cha skana kwa kitambaa kikavu. Kisha ondoa vyote kwenye Kapu, weka ukurasa mmoja tu, ulionyooka, uone. Vilevile tazama kama ile programu ya kuzuia virusi inamkamata ikidhani ni mwizi. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyoweza kuwa. Programu yenyewe, narudia, haina kitu. Mimi hapa naiwasha asubuhi ninapotoka kwenda kazini, na jioni nikirudi nakuta Sahani imejaa mpaka inamwagika. Mara thelathini, shangazi.

Na hiyo katikati uliyoikata, nitumie. Hata kama ni yaleyale. Hasa kama ni yaleyale.

Jambo jingine. Juzi nilipiga simu ya ofisi ya shule. Mwalimu Mkuu akasema uko darasani unafundisha. Nikapiga jikoni, mpishi akasema umelala kidogo. Nikampigia baba, akasema umekwenda sokoni. Wote watatu ndani ya nusu saa. Shangazi, una miguu mingapi?

Na kwa nini mtu aliyeniimbia nyimbo zote za utotoni anamjibu mwanafunzi kwa kugonga meza?

Sikulazimishi. Nauliza tu, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa jina la Kidole, na unajua ninavyoshindwa kuacha kitu bila kukigusa.

Wako,
Kidole


Chumba cha Kusomea
11 Machi

Kidole,

Marahaba, ingawa leo nimeitoa kwa shingo upande.

Kioo cha skana nimekifuta mpaka kinang'aa. Ukurasa mmoja nimeuweka, umenyooka kama shuka la hospitali. Programu ya kuzuia virusi nimeitazama, haijamkamata mtu. Sahani ni tupu. Tupu, mwanangu. Hata huo ukurasa mmoja Msomaji wako ameshindwa.

Mwalimu Mkuu ameanza kuandika barua za wazazi. Tisa. Aliziandika mchana, mlango wazi, akawa anajisomea kwa sauti ya chini kama kawaida yake. Kiranja alikuwa anapita kwenye ukumbi. Haoni, lakini masikio yake yanatutosha sote. Alikuja kwangu, hakuuliza habari za Sahani. Alikaa kwenye kiti cha pembeni akakunja fimbo yake vipande vinne, akaikunjua, akaikunja. Halafu akasema, "Mama Redio, ungenisomea wewe. Hata sura moja. Watu wanasema umetuchoka, mimi nimewaambia siyo kweli." Niligonga meza. Nilisahau ni mara ngapi.

Ningeweza kuwasomea ningesoma leo hii, vyote vinne, mpaka ulimi uote sugu. Hapo ishia. Usiniulize.

Unataka katikati. Haya, hii hapa katikati yako, na wino ni wangu:

Saa 2:05. Nimeamka. Nimeona ukurasa 1 kwenye Kapu. Kuna mtu, nasubiri atulie.
Saa 2:15. Kumetulia. Naanza ukurasa wa 1.
Saa 2:20. Nimeguswa. Naacha ukurasa. Nasubiri.
Saa 2:30. Kumetulia. Naanza ukurasa wa 1.
Saa 2:35. Nimeguswa. Naacha ukurasa. Nasubiri.
Saa 2:45. Kumetulia. Naanza ukurasa wa 1.
Saa 2:50. Nimeguswa. Naacha ukurasa. Nasubiri.

Na kuendelea hivyo mpaka saa tisa na nusu alasiri, kila siku ya Mungu. Nimehesabu siku moja, nimeguswa ni ishirini na tisa. Sijui analalamika nini, maana kumgusa ndiyo kazi tuliyopewa. Karatasi yako iko palepale ulipoibandika juu ya skrini, KOMPYUTA HII ISILALE, kwa herufi kubwa na mistari miwili chini. Na tangu tuiwashe asubuhi mpaka tuizime alasiri, haijalala hata siku moja. Tumepanga zamu, ratiba iko ukutani. Kila robo saa mtu anakuja kukitikisa kipanya ili iwe macho, Mzee wa Funguo, mpishi, walimu wote, na mimi. Mpishi anatoka jikoni na mikono ya unga. Mwalimu wa muziki alipokuwa mgonjwa alimtuma mkewe.

Kwa hiyo usituambie habari za vioo. Sisi tumefanya yetu.

Shangazi


Ghorofa ya Nne
23 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo, na leo naitoa nikiwa nimepiga magoti, ingawa huoni.

Ni mimi. Siyo skana, siyo virusi, siyo kurasa. Ni mimi mtupu.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, hata mlango sijafungua. Nilipofika kwenye mpishi na mikono yake ya unga nilikaa chini nikacheka mpaka jirani akaacha tarumbeta. Kisha aibu ikanishika na sikucheka tena.

Sikiliza. Kompyuta yenu ni ya zamani, na kugeuza maandishi kuwa sauti kunaila nguvu zake zote. Niliogopa kwamba utakuwa unachapa barua zako, halafu Msomaji aanze kazi, kila kitu kigande mikononi mwako. Kwa hiyo nilimfundisha adabu. Nilimwandikia kanuni, kwamba mtu akigusa kompyuta, aache mara moja na kumpisha. Asubiri mpaka kumetulia dakika kumi nzima, ndipo aanze ukurasa ule upya. Kwenye mashine yenu ukurasa mmoja unachukua dakika saba. Ninyi mmekuwa mnamgusa kila robo saa. Anasubiri kumi, anafanya kazi tano, anaguswa. Kila mara alikuwa amebakiza dakika mbili tu. Hapa kwangu alifanikiwa mara thelathini kwa sababu naiwasha na kwenda kazini, nyumba inabaki tupu. Sikuwahi kumjaribu mbele ya watu wanaompenda.

Na ile karatasi ilikuwa ya mchana mmoja tu. Siku naondoka nilikuwa nanakili vitu vizito ndani yake, nikaogopa isije ikalala kabla havijaisha. Nilibandika karatasi ili mtu yeyote asiizime. Baadaye nikairekebisha isilale yenyewe kabisa, ila karatasi nikaisahau. Shule nzima imetumikia karatasi yangu miezi minne. Naomba uwaombe radhi wote, kuanzia kwa mke wa mwalimu wa muziki.

Nilikuandikia mara mbili kwamba haina kasoro. Nilisema hivyo kwa kiburi, na huku wale tisa wanahesabu siku. Nisamehe.

Sasa dawa yake. Ing'oe karatasi. Weka kurasa zote mia nne na kumi na mbili kwenye Kapu. Washa kompyuta asubuhi, kisha tokeni nje, wote, mfunge mlango. Asiingie mtu kuangalia kama inafanya kazi. Najua hilo ndilo gumu kwako kuliko yote, wewe unayefunua sufuria la wali mara nne. Usiingie. Akimaliza sura ya kwanza atasoma mwanzo wake kwa spika, ndiyo atakavyowaita. Hata mkishasikia, mwacheni aendelee, mchana na usiku bila kuizima kompyuta, mpaka amalize vyote.

Ningeweza kumwambia Mwalimu Mkuu haya yote kwa simu. Nimempigia kweli, ila nimemwomba jambo moja tu, asizipeleke posta zile barua tisa kabla hii yangu haijakufikia. Amekubali. Yaliyobaki nilitaka uyafanye wewe.

Kuna kitu sikukwambia kuhusu sauti atakayosomea. Sikukiandika Januari, Februari ikanishinda, na hata leo sikiandiki. Utakisikia. Ukikasirika niandikie, ukifurahi niandikie pia.

Wako aliyenyooka kidogo,
Kidole


Chumba cha Kusomea
12 Aprili

Kidole wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Habari za nyumbani leo zisubiri. Paka yupo, baba yako yupo, sakafu imekauka.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nikaisoma mara mbili, nikampa Mzee wa Funguo awasomee wenzake jikoni. Walipofika kwenye zile dakika mbili mpishi alisema, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa namkatiza," akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nikaing'oa karatasi yako. Nimeitia kwenye droo, siku ukija utaila.

Jumanne saa mbili nikawasha. Nikatoka. Mzee wa Funguo akafunga mlango, akaweka ufunguo ndani ya soksi yake, akaniangalia mimi hasa. Tukakaa nje kwenye mabenchi, watoto tisa benchi moja, sisi watu wazima lingine, hatuna la kufanya, mikono mapajani kama watu wanaongoja kupigwa picha. Kila robo saa ikifika mwalimu wa muziki alikuwa anashtuka na kutaka kuinuka. Saa tatu uvumilivu ukaniisha, nikanyanyuka polepole niende nikachungulie dirishani. Kiranja akasema bila kugeuza shingo, "Mama Redio, hizo ni kandambili zako. Rudi ukae." Nikarudi nikakaa. Mwalimu Mkuu alicheka, na mimi sikujua kwamba ana meno mengi namna ile.

Saa nne na nusu ilitimia. Ndani tukasikia kikohozi kidogo. Kile kikohozi, Kidole. Kisha sauti ikasema, "Haya, kaeni vizuri. Sura ya kwanza. Chembe hai na kazi zake."

Watoto wote tisa wakanyoosha migongo.

Hawakuambiwa na mtu. Wamezoea tangu wakiwa wadogo, mimi nikisema kaeni vizuri wanakaa vizuri. Na ilikuwa mimi. Ni sauti yangu ya miaka kumi iliyopita, nene, isiyo na mkwaruzo, inasoma kitabu ambacho mimi sijawahi kukisoma, na inapumzika pale ninapopumzika, na inavuta neno la mwisho wa aya kama ninavyovuta. Walimu walinigeukia. Mimi nilikuwa nimefumba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kiranja aliinuka akanijia akipapasa benchi. Akaweka vidole vyake kooni kwangu, hapa mbele, kuona kama ni mimi ninayesema. Koo lilikuwa limetulia kabisa. Akaviacha palepale, sauti inaendelea dirishani, na taratibu nikaona ameelewa yote, kwa nini nagonga meza, kwa nini sisomi. Akasema, "Kwa hiyo hukutuchoka." Nikagonga benchi mara moja.

Basi na wewe nikwambie. Desemba daktari alinitoa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Mwili ni mzima, nakula, nalala, nagombana na baba yako kwa karatasi. Ila sauti haitarudi. Niliwaapisha wote wasikwambie, ndiyo maana siku ile nilikuwa sokoni, darasani na kitandani kwa wakati mmoja. Niliona haya. Mtu anaitwa Mama Redio, halafu redio imezimika. Niliona ukijua utalia, na mimi sina cha kukubembelezea.

Kumbe Novemba ulishasikia mkwaruzo. Ulinihesabia mpaka maji ya moto, ukanyamaza, ukazinakili kanda zangu arobaini na moja kabla ya kuzibeba, ukanitengeneza mimi mwingine; kumbe vile vitu vizito vya siku ya kuondoka vilikuwa mimi. Nimejua sasa ulizisafisha kwa nini. Sikukasirika. Nilikaa pale kwenye benchi nikalia mbele ya shule nzima na wala sikujificha, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku niliyoajiriwa.

Ijumaa jioni Sahani ilikuwa na kurasa mia nne na kumi na mbili. Jumatatu iliyofuata Mwalimu Mkuu alizibeba zile barua tisa mwenyewe mpaka jikoni, akamwomba mpishi nafasi kwenye jiko, akazitia moja moja. Akaniletea orodha ya watahiniwa niishike kwa mikono yangu. Majina ni tisa. Sasa hivi ninavyoandika wako kwenye benchi lao, wamefika sura ya sita, na kiranja anawabishia wenzake kuhusu mapafu kama wakili. Chumba nimekifunga. Siingii.

Nina ombi moja. Kile kikohozi usikitoe. Mwalimu wa muziki anasema ni kasoro, mimi nimemwandikia kwamba kasoro ni yeye.

Sasa nisikilize vizuri. Jumapili ya tarehe 26, saa nne asubuhi, simu yako italia. Mwambie jirani apumzishe tarumbeta, upokee. Nimeandika ukurasa mmoja kwa mkono wangu, nimeuweka kwenye Kapu, nikatoka, nikafunga mlango na kwenda kunywa chai. Niliporudi ulikuwa tayari. Mimi nitashika simu kwenye spika, Mzee wa Funguo atabonyeza. Kazi yako ni kuanza, maana wewe ndiye mdogo. Niamkie kama ulivyofundishwa. Kisha subiri kidogo, mzee si mwepesi wa vidole. Utaisikia, ile ndefu yenye mkia, na mpishi ameniahidi kuitikia jikoni.

Shangazi yako